Mshipi Ambao Sikuuruka

Nilipokuwa mtoto niliitwa kigego kabla sijazoea kuitwa jina langu. Meno yangu ya juu yalitangulia kuota, ya chini yakafuata, na kwa watu wetu wa pwani mtoto wa namna hiyo hana haja ya kufanya kosa. Kosa amekuja nalo kinywani. Nasikia hapo kale vigego walikuwa wakitupwa. Mimi sikutupwa. Nilibakizwa niwe wa kulaumiwa, na kazi hiyo niliifanya barabara. Kuku akifa, mimi. Wali ukiungua, mimi. Mvua ikinyeshea mpunga ulioanikwa, mimi.

Naandika haya kwa sababu nimechoshwa. Hawa watu waliojenga kwenye viwanja huko Mapinga, ikifika Jumamosi wanateremka huku kwetu Mlingotini na fimbo zao za kuvulia, wanakaa kwenye mwamba wa hori letu, huu mkono wa bahari unaoingia kijijini, kisha wananiuliza, "Bibi, changu anavuliwaje?" Nawaambia, siwanyimi. Lakini kabla sijafika nusu ya maneno mmoja keshanyanyuka kufuata soda yake, na mshipi wangu wa kuvulia anauruka kama anaruka mtaro. Nikimkaripia anacheka. Wajukuu zangu nao wanacheka, wanasema Bibi ana mambo ya kale. Basi nitaeleza mara moja, samaki huyo changu anavuliwaje na kwa nini mshipi haurukwi, kisha asiniulize mtu tena.

Nililelewa na bibi yangu mzaa baba, hapa hapa Mlingotini. Baba alikuwa ameshafariki, na mama aliolewa tena na mtu ambaye hakutaka mtoto wa kuja naye, hasa mtoto wa meno yale. Nyumba ilikuwa ya Bibi, lakini ndani yake aliishi pia mwanawe mdogo, Shomari, niliyemwita baba mdogo, pamoja na mkewe Bi Tunu. Baba mdogo alikuwa mvuvi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kukubaliana na yeyote aliyezungumza mwisho, na ndani ya nyumba mtu wa mwisho kuzungumza alikuwa Bi Tunu, maana walilala chumba kimoja.

Bi Tunu alizaa mara mbili na watoto hawakukaa. Wa kwanza alizikwa kabla hajapewa jina, wa pili alifika kutambaa. Siku alipozikwa huyo wa pili nilikuwa nimesimama mlangoni, na Bi Tunu akanitazama kinywani. Si machoni, kinywani. Toka hapo hakutaka kuniona ndani ya nyumba ile. Leo mimi ni mtu mzima, nimezika wangu, na uchungu ule naujua. Kuujua hakujanifanya nimpende.

Kaka yake Bi Tunu alikuwa na shamba la mananasi Kiwangwa, huko juu bara, na alikuwa anatafuta mtoto wa kike wa kufukuza ngedere, kuteka maji na kulala jikoni. Bi Tunu akasema mtoto yupo. Bibi akasema mjukuu wake si mbwa wa kulinda shamba la watu. Lakini neno lilikuwa limeshaingia nyumbani, likawa linatolewa kila kinapopotea kitu au kuvunjika kitu. Mpelekeni Kiwangwa. Baba mdogo alikuwa anakuna kichwa tu. Mimi nilichokuwa nataka kilikuwa kidogo sana: nibaki. Nibaki kwa Bibi, karibu na hori, mahali ambapo nikiamka nasikia maji. Kiwangwa sikuijua, lakini nilijua kwamba huko ukiamka husikii kitu.

Mwaka ule baba mdogo alipata mshipi wa nailoni. Nyinyi mnaonunua mshipi dukani pamoja na biskuti hamtaelewa. Wavuvi wetu walikuwa wakivulia mishipi ya pamba, wanaichovya kwenye rangi ya magome ya mikoko isioze, nayo inaoza vilevile. Huu wa nailoni ulikuwa mweupe kama ute wa yai, ukiuinua juani huoni aliyeushika ameshika nini. Watu walikuja kuutazama. Baba mdogo aliushika kama ameshika mtoto mchanga.

Sasa, nailoni mpya ina kiburi. Imekaa imeviringwa, na ukiiteremsha majini hivyo hivyo inajikunja, inajifunga mafundo, na samaki anaiona. Kwa hiyo, la kwanza kwenu wageni: mshipi mpya unyosheni kabla hamjautia majini. Ulowesheni, mfunge huku na huku, uvuteni, mwache ukae umekazwa hadi usahau kuviringwa. Baba mdogo alifanya hivyo. Aliufunga kwenye shina la mpapai, akaupitisha ua mzima hadi kwenye nguzo ya jiko, kimo cha magoti. Akatuambia sote tuuone.

Hakuwa na haja ya kutuambia. Kwetu mshipi haurukwi. Ukiwa umenyoshwa, ukiwa umekunjwa chini, ukiwa mkononi mwa mtu, unauzunguka. Ukirukwa, samaki wanajua. Na akiuruka mwanamke ni vibaya zaidi, na mtoto wa kike kigego sijui hata niseme nini. Dawa yake ni moja tu: aliyeruka arudishwe, auruke tena kwa kurudi kule alikotokea, na hapo nuksi inakuwa imefunguka. Ni kama ukimruka mtoto aliyelala, unaambiwa rudi upesi asije akadumaa. Hilo hata nyinyi wa mjini mnalijua, mnajifanya tu.

Siku ile mshipi ulipofungwa nilitoka kisimani na ndoo ya maji kichwani. Niliuona unameta. Niliuzunguka kwa nyuma ya banda la kuku, nikakanyaga mwiba, nikamimina maji kwenye mtungi, nikakaa kuutoa mwiba. Ndiyo yote niliyoyafanya.

Baba mdogo akaanza kuvulia mshipi wake mpya, na samaki hakuna. Siku ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, siku zikapita. Hapa pia sikilizeni, maana hili ndilo mnalokosea kila Jumamosi. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana, yamelala, na changu naye amelala. Ngojeni bamvua, mwezi mchanga au mwezi mpevu, na mshike wakati maji yanaanza kuja, yanapoanza kupanda kwenye miamba ambayo jua limeipiga. Changu anakuja nyuma ya maji hayo kutafuta kaa na kamba waliojificha. Saa mbili za kwanza za maji kujaa zinatosha. Mnakuja saa mnayotaka nyinyi, mnakaa mnachomwa na jua, kisha mnasema hori halina samaki.

Maji yalikuwa mafu, na kila mvuvi wa Mlingotini alirudi mikono mitupu. Lakini wengine walirudi mikono mitupu na mishipi ya pamba. Baba mdogo alirudi mikono mitupu na mshipi wa nailoni, na watu walimtania. Mzee Kombo, aliyekuwa mwenzake kwenye mtumbwi, alimwambia labda samaki wanauona mshipi mzuri kiasi hicho wanaona haya kuuma. Baba mdogo hakucheka.

Jioni ile tulipokuwa tunakula, Bi Tunu akasema yeye anajua. Alisema kwa upole, akitazama sahani. Akasema mshipi ulirukwa.

"Na nani?" Bibi akauliza.

"Na huyu. Siku ile ulipofungwa. Anatoka kisimani."

"Na ndoo?"

"Ndoo alikuwa nayo kichwani."

"Akaruka mshipi wa magotini, na ndoo ya maji kichwani, na maji hayakumwagika."

"Mama, huyo kigego," Bi Tunu akasema. "Utajuaje anavyofanya?"

Mkiwa na kitu kama hicho cha kujibia kila swali, hamshindwi. Nikasema sikuruka. Nikaonyesha unyayo, kidonda cha mwiba kilikuwepo bado. Bi Tunu akasema ndiyo, mtu akiruka hukanyaga miiba. Baba mdogo akasema mtoto arudishwe, basi, yaishe. Na kama nuksi haitafunguka, Bi Tunu akaongeza, kaka yake anakuja wiki hiyo kuleta mananasi. Anaweza kurudi na mtoto.

Usiku ule sikulala vizuri, na sababu haikuwa kuogopa kupigwa. Niliamini. Niliamini kuliko wao wote, kwa kuwa mimi ndiye niliyeambiwa toka utotoni kwamba mwili wangu una nuksi. Na nilipokuwa nimelala niliona jambo ambalo hawakuliona. Mimi sikuuruka mshipi. Wakinirudisha kesho, nitakuwa sirudi popote. Nitakuwa nauruka kwa mara ya kwanza.

Asubuhi nikamwambia Bibi. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi.  Alinitazama, akaendelea kukuna.

Baba mdogo akaufunga mshipi kama siku ile, mpapai kwa nguzo. Watu walikuwa wameshafika, maana Bi Tunu alikuwa ameamka mapema kwenda kuwaambia. Wanawake walisimama upande wa ukuta, Mzee Kombo akasimama na kasia begani akiharakisha, maji yalikuwa yameanza kuwa mazuri na alitaka watoke. Pakaanza mabishano ya upande gani. Bi Tunu akasema niliruka kutoka kisimani kuja jikoni, kwa hiyo nirudi kutoka jikoni kwenda kisimani. Mwanamke mmoja akasema la, upande unafuata jua. Wakabishana mbele yangu, kila mmoja na elimu yake, kuhusu safari ambayo sikuisafiri.

Ndipo Bibi alipopaza sauti. Hakunyanyuka kwenye mbuzi yake, lakini alipaza hata majirani wa mbali wakasikia.

"Shomari. Nasema mbele ya watu hawa. Mtoto hakuuruka mshipi wako. Mkimrusha sasa, ndiyo anauruka leo. Na hakuna atakayemrudisha, maana nyinyi mtadhani mmeshamrudisha. Utakwenda baharini na mshipi uliorukwa, na mrushaji ni wewe. Nimesema."

 Niliuona uso wa baba mdogo unabadilika. Maneno yalikuwa yamemwingia, nadhani angeacha. Lakini Bi Tunu akamwambia polepole, "Umemwogopa mtoto?" Watu walikuwepo, na Mzee Kombo alikuwepo na kasia lake. Akanijia.

Nililishika shina la mpapai. Nilipiga kelele sikuruka, sikuruka, mnanirusha nyinyi. Akanibandua, akaniinua kwapani, akanipitisha juu ya mshipi kama mtu anayepitisha gunia dirishani, akaniweka upande wa pili. Mguu wangu mmoja uliugusa. Ukatoa sauti, ule mlio wa kamba iliyokazwa. Kila mtu aliusikia.

Bibi alikuwa anakuna nazi.

Kilichotokea baharini alikisimulia Mzee Kombo, na alikisimulia kwa miaka yote aliyobaki kuishi. Walitia nanga nje kidogo ya mlango wa hori, pale penye miamba. Samaki walikuwepo siku hiyo, Kombo alianza kutoa changu mmoja baada ya mwingine. Baba mdogo akateremsha nailoni yake, na wa kwanza kumtoa akawa bunju, yule anayejijaza upepo tumboni akawa kama mpira na kukutolea macho. Bunju ana sumu. Mkimpata mtupeni, msimpe hata paka. Lakini kwa mvuvi aliyetoka nyumbani na maneno yale masikioni, bunju wa kwanza si samaki, ni jibu. Baba mdogo akamtupa, akatema mate, akateremsha tena. Toka hapo, Kombo alisema, mwenzake hakuwa anavua. Alikuwa anaukamata mshipi kama umeshaanza kumtoroka. Kila ukiguswa anauvuta. Kila akiuvuta ndoana inatoka tupu. Na mwisho akafanya jambo ambalo baba yake alimkataza alipokuwa mdogo, ambalo kila mtoto wa hapa anakatazwa siku ya kwanza kushika mshipi. Aliuzungusha kwenye kidole chake, mara mbili, usimponyoke.

Akauma fuatundu. Ni samaki mwekundu mwenye paji kubwa la uso, na akiwa mzima ana nguvu za mbuzi dume. Aliondoka na mshipi kuelekea chini ya mwamba, na nailoni haina huruma kama pamba. Pamba inakuunguza, nailoni inakata. Ilikata kidole hadi kwenye mfupa. Kombo aliukata mshipi kwa kisu. Fuatundu akaenda zake na ndoana mdomoni.

Kwa hiyo, nyinyi mnaokuja kwangu, kama hamtasikia lingine sikieni hili: mshipi haufungwi mkononi. Haufungwi kidoleni, haufungwi kifundoni, wala haufungwi kwenye kidole cha mguu mkiwa mnavuta sigara, nimewaona. Unalala juu ya kidole cha shahada, wazi, ili ukitaka kwenda uende. Samaki unaweza kumkosa ukampata kesho.

Walirudi baba mdogo amefungwa mkono kwa shuka yake mwenyewe, na shuka imelowa damu. Kidole kilipona, lakini hakikukunja tena hadi anaingia kaburini. Alipokula kilisimama peke yake kando ya sahani.

Bi Tunu alianza kulia palepale uani, akisema kigego huyo, kigego huyo. Lakini safari hii watu hawakumwitikia kama alivyozoea. Walikuwa wamesikia maneno ya Bibi asubuhi. Mwanamke yule yule aliyebishana habari za jua akasema mtoto alilia kwamba hakuruka. Mwingine akasema mlio wa mshipi aliusikia kwa masikio yake. Wakaondoka mmoja mmoja, na kila mmoja alipopita karibu na mshipi ulipokuwa umetupwa chini, aliuzunguka mbali.

Hakuna aliyetaka kuugusa. Baba mdogo alisema utolewe nyumbani. Bi Tunu akasema uchomwe moto. Bibi akamuuliza kama anataka moshi wake uingie chumbani kwake, na Bi Tunu hakutaka. Ukakaa uani siku mbili tatu, unang'aa, kuku wanaukwepa. Kisha Bibi akauokota, akauviringa taratibu kwenye kibao, akaniita.

"Nuksi wanasema ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi na mshipi ni wako. Nani atakudai?"

Wasichana hatukupewa mishipi siku zile. Sisi tulitanda uduvi, kamba wale wadogo kabisa, kwa kanga pamoja na kina mama, maji ya magotini. Mimi nikapata nailoni, ya peke yake Mlingotini, na hakuna mtu aliyethubutu hata kuiomba.

Kaka yake Bi Tunu alikuja na mananasi yake kama ilivyopangwa. Nguo zangu zilikuwa zimeshafungwa kwenye kitambaa. Bi Tunu alizifunga mwenyewe. Nikatolewa kumsalimia. Nikamwambia shikamoo, akasema marahaba, na akanitazama kinywani kama dada yake alivyofanya. Alikuwa ameteremkia barabarani pale Zinga, na toka Zinga hadi kwetu kila aliyekutana naye alikuwa amemsimulia habari za kidole. Akaomba maji. Akanywa. Akasema mwaka huu ngedere si wengi sana. Bi Tunu akamwambia mtoto ni mchapakazi, mpole, hana shida, na ni mara ya kwanza maishani mwangu kusikia sifa zangu. Yule mtu akasema shamba lake ndiyo kwanza linaanza kuzaa.  Aliondoka kabla ya chakula, mananasi akayaacha, na mimi akaniacha. Bi Tunu alikuwa ameitengeneza sifa yangu kwa muda mrefu na kwa bidii, na ikawa kubwa mno hata kaka yake akashindwa kuibeba.

Bibi akanifundisha kuvua. Alinikalisha kwenye mwamba ule ule mnaokaa nyinyi na soda zenu. Ndoana ndogo, alisema, maana changu mdomo wake ni mdogo, ndoana kubwa unajivulia majani. Chubwi nyepesi, kipande cha risasi au nati kuukuu, ishuke polepole. Chambo kiwe kamba hai, na umtunge mkiani, si kichwani. Ukimtunga kichwani anakufa, na kamba aliyekufa hamwiti mtu. Mkiani anabaki mzima, anarukaruka, na kwa kule kurukaruka kwake samaki wanakuja. Kisha nyamaza. Changu anadonoa, anaacha. Anadonoa, anaacha. Hapo ndipo wajinga wanapovuta. Ngoja. Mara ya mwisho hadonoi, anaondoka na chambo kama mtu anayeondoka na kitu cha watu, na hapo vuta mara moja, kwa kiganja, si kwa bega. Akija tasi badala ya changu usimkumbatie, miiba yake ya mgongoni itakuliza hadi magharibi. Mshike kwa chini ya taya.

Changu wangu wa kwanza hakuwa mkubwa kuliko kiganja cha Bibi. Nilimleta nyumbani. Bi Tunu akasema hatakula samaki wa mshipi ule, na hakula. Hakula siku hiyo wala nyingine. Miaka mingi nyumba ile ilikula samaki wangu, baba mdogo alikula na kidole chake kimesimama, na Bi Tunu alikula wali na tui. Alikuwa mtu wa neno lake, hilo namwachia. Hatukupatana hadi anakufa. Nilimwosha maiti kwa sababu hakuwa na binti, na nilipomaliza nilinawa mikono.

Ningeishia hapo, kwamba onyo la Bibi lilitimia na mtoto akaokoka. Wajukuu zangu hupenda liishie hapo. Lakini siku moja, nikiwa tayari mwanamke mwenye watoto, nilikuwa namtunga kamba kwenye ndoana, namtunga mkiani, anarukaruka, nikaacha katikati, nikaikumbuka asubuhi ile ya mshipi.

Bibi yule alikuwa na nguvu. Alibeba gunia la mihogo kutoka Zinga hadi Mlingotini bila kutua. Angetaka, angenitoa mikononi mwa mwanawe kwa mkono mmoja. Hakunyanyuka kwenye mbuzi ya nazi. Alingoja watu wajae uani, akangoja Kombo afike, kisha akapaza sauti na kumwambia mwanawe, mbele ya wote, kwamba atakwenda baharini na mshipi uliorukwa. Akaniacha nilie. Alimzaa Shomari, alimjua: mwoga, na mwoga akiambiwa mshipi wake una kasoro ataukamata vibaya. Alijua asubuhi ile atawakosa samaki. Na alijua kwamba habari zikienea, hakuna mtu wa Kiwangwa atakayenitaka. Ili zienee ilibidi nirushwe, na ilibidi nipige kelele.

Sidhani alikikusudia kidole. Kilikuwa kidole cha mwanawe. Miaka yote ile kila tulipokula nilimwona anakitazama, na sikuelewa.

Nilimuuliza mara moja, alipokuwa amelala ugonjwa wake wa mwisho. Nikamwambia, Bibi, siku ile ya mshipi mbona hukunyanyuka?

Akafumbua macho.

"Ulitaka kwenda Kiwangwa?"

"Sikutaka."

"Haya basi," akasema, na akageukia ukutani.

Sikumshukuru na sikumlaumu. Nilimfunika miguu, nikaenda kuangalia maji kama yameanza kujaa.

Kwa hiyo mkiniuliza kama naamini kwamba samaki wanajua mshipi umerukwa, mimi sijui wanachojua samaki. Nimeona kidole kilichokatwa, na nimeona kilichokikata, na vyote viwili vilikuwa vya kweli. Ninachojua ni kwamba mshipi wa mtu mwingine nauzunguka, hata kama ni mbali, hata kama kuna miiba. Na wangu, toka nyinyi mlipoanza kuja, siuweki tena juu ya mwamba. Nauweka juu ya mapaja. Anayetaka kuuruka aniruke na mimi.